Asanteni kwa Kutoelewa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliovaa majoho yanayowapwaya mabegani, habari za mchana. Kwa wengine wote, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika kumi na tano. Wanaonijua wanajua kwamba dakika kumi na tano mimi huzimaliza nikitafuta chaki, kwa hiyo salamu zinaishia hapo. Naomba utulivu kidogo. Sikilizeni.

(Hapa niligonga meza kwa kidole kwa muda wa nusu dakika hivi.)

Huo ni wimbo gani? Nani ameutambua? Wewe kule nyuma... hapana, siyo huo. Na wewe? Siyo. Jamani, huu ni wimbo mnaoujua wote, mmeuimba tangu mkiwa na mapengo. Mimi nilipokuwa nagonga nilikuwa nausikia wote, maneno yake na sauti zake zote nne. Kumbe ninyi mlikuwa mnasikia ko, ko, ko-ko, ko.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtafiti aitwaye Elizabeth Newton aliwafanyia watu jaribio kama hili. Aliwagawa, hawa wagonge nyimbo zinazofahamika, wale wasikilize na kutaja wimbo. Kabla ya kujibiwa, wagongaji waliulizwa wanategemea nyimbo ngapi zitambuliwe. Wakasema kama nusu. Zikagongwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa ni 3.

Tatu! Na wagongaji walishangaa, hawakuamini kwamba mtu mwenye masikio mawili anaweza kukosa wimbo ulio wazi namna ile.

Walimu wenzangu hapa jukwaani wameshaona ninakoelekea. Mimi nimegonga mbele yenu kwa miaka minne. Wimbo nilikuwa nausikia vizuri kabisa kichwani mwangu. Kama ninyi mlikuwa mnasikia wimbo au ko-ko-ko, hilo sikuwa na njia ya kulijua, isipokuwa moja: mmoja wenu anyooshe mkono aseme, "Mwalimu, sijaelewa." Kwa hayo maneno mawili ndiyo nimesimama hapa kuwashukuru.

Nitawakumbusha siku moja. Mlikuwa mwaka wa kwanza, wiki ya tatu au ya nne. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya, nikapiga mstari chini yake, nikageuka niendelee na mifano. Mmoja wenu, sitamtaja, ila amekaa safu ya pili na ameshaanza kuinamisha kichwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sijaelewa. Kwa nini?" Nikampa jibu nililokuwa nimelitoa kwa miaka kumi na mmoja: ndiyo kanuni. Akakaa. Haikupita dakika, mkono tena. "Mwalimu, kwamba ni kanuni nimeelewa. Sijaelewa kwa nini."

Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyepapasa mfuko na kukuta pochi haimo. Nina shahada ya somo hili. Kanuni ile naweza kuitumia usingizini. Lakini kwa nini iko hivyo, sikujua, na mbaya zaidi, sikuwahi kujua kwamba sijui.

Usiku ule nilifukua vitabu. Nikakuta kwamba Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni hizi mwaka 628, na yeye namba chanya aliziita mali, namba hasi akaziita madeni. Zao la deni na deni, akasema, ni mali. Nikakuta pia kwamba zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika karne ya 18, walikuwapo wanahisabati wa Ulaya waliokuwa bado wanazikataa namba hasi. Waliona ni upuuzi mtu kuzungumzia kitu kilicho pungufu ya hakuna. Hao ni watu wazima, wenye majina yao. Mwanafunzi wangu, ambaye hata kufunga tai alikuwa hajajua, alikuwa amekwama palepale walipokwama wao. Nami nilimwambia ni kanuni, kaa.

Asubuhi nikafuta kila kitu. Nikaandika: 3 mara hasi 5 ni hasi 15. 2 mara hasi 5, hasi 10. 1 mara hasi 5, hasi 5. 0 mara hasi 5, sifuri. Nikawauliza, upande huu tunashuka moja moja, upande ule majibu yanafanya nini? Mkasema yanapanda kwa 5. Haya, tukishuka ngazi moja tena, tukafika hasi 1? Kukawa kimya. Halafu mwenye swali lake akasema taratibu, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga: "Tano. Chanya tano. Ikiwa nyingine yoyote, mpango wote unaharibika."

Tangu siku ile sijaifundisha mada hiyo kwa namna ya zamani. Wadogo zenu walioingia nyuma yenu wanaikuta imenyooka, wala hawajui nani wa kumshukuru. Mimi namjua. Kaa tu hivyohivyo, usiinue kichwa.

Kwa hiyo leo sitawashukuru kwa kuwa wanafunzi wema. Wema mlikuwa nao, wa kadiri. (Ile wiki saa ya ukutani ilipokuwa mbele kwa dakika kumi ili kipindi changu kiishe mapema, niligundua siku ya pili. Niliacha kwa sababu hata mimi nilikuwa na njaa.) Nawashukuru kwa kutoelewa, na kwa kulisema hilo kwa sauti wakati ilikuwa rahisi zaidi kutikisa kichwa na kunakili.

Halafu kuna wale ambao hawakusema kwa sauti. Nao nina deni lao.

Mary Budd Rowe, mwalimu na mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa madarasani, na katika miaka ya 1970 akaandika alichokikuta. Mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu, kisha hulirudia, au hulijibu mwenyewe, au humrukia mwanafunzi mwingine. Sekunde moja! Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, waliojitokeza wakaongezeka, na wale wa kukaa kimya au kusema "sijui" wakapungua.

Mtasema sekunde tatu ni nini. Hebu tuzikae hapa pamoja.

(Tulikaa kimya.)

Mmeona? Hata mgeni rasmi amegeuka kuangalia kama nimesahau hotuba. Sasa fikirieni kufanya hivyo mbele ya vijana arobaini na wawili, kila baada ya swali, kila siku. Nilianza nanyi mkiwa mwaka wa tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na wa dawati la mbele mlidhani naumwa. Siku ya nne, kwenye sekunde ya tano au ya sita, sauti ikatoka upande wa dirishani, ya msichana ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akijibu neno. Akatoa jibu, tena na sababu yake, kwa sentensi mbili zilizokamilika. Nikabaki nimeshika chaki.

Nikaenda kuangalia ripoti zake za nyuma. Muhula baada ya muhula nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Hashiriki darasani." Binti, ulikuwa unashiriki. Mimi ndiye niliyekuwa naondoka kabla hujafika. Mzazi wake yupo hapa leo. Naomba zile ripoti, kama bado mnazo, mzisome kwa kukata sentensi hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza, maana kwa kawaida siku ya mahafali mimi hukaa kule nyuma karibu na spika mbovu.

Mwaka wa pili, kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Nina maelezo mengi ya kwa nini nilikuwa nimechoka na hakuna hata moja linalofaa. Mmoja wenu aliniuliza kwa mara ya tatu kwa nini, tukihamisha namba kwenda upande wa pili wa mlinganyo, alama yake inabadilika. Mara ya tatu. Nikamwambia, "Hili hata mdogo wako analiweza." Darasa likacheka. Safari hii sikucheka, lakini nilikuwa nimeshawachekesha.

Hakuuliza tena muhula mzima. Mimi nikaona ameelewa. Tena, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Mpaka jioni moja nasahihisha madaftari, nikakuta chini ya swali la 4, kwa penseli, kwa herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona: "Sijui hili, na sitauliza."

Nimesahihisha madaftari mengi sana maishani. Hakuna lililowahi kunisahihisha mimi kama lile.

Na hebu mwone alikuwa anauliza nini. Namba haihami. Hakuna kitu kinachobeba mizigo kuvuka alama ya sawasawa. Tunachofanya ni kutoa kiasi kilekile pande zote mbili, mizani ibaki sawa, basi. "Hamisha" lilikuwa neno langu, la mkato, la mtu anayeusikia wimbo wote kichwani. Yeye alilichukua neno kama lilivyo, akauliza mara tatu kwa nini kitu kikihama kinageuka. Lilikuwa swali zuri kuliko somo lililolizaa.

Nilimwita ofisini nikamwomba radhi. Akasema, "Hamna shida, Mwalimu," kwa ile sauti ambayo vijana huitumia wanapotaka mtu mzima aache kuongea. Lakini kosa nililifanya mbele ya watu arobaini na wawili, radhi nikaiomba nyuma ya mlango. Mlinganyo huo hauko sawa pande mbili. Kwa hiyo leo, mbele ya hao hao arobaini na wawili, na mbele ya wazazi wenu: nilikosea, na nakuomba radhi. Na ninakushukuru kwa ile penseli. Ungeweza kunakili jibu la jirani yako, nikaweka tiki, nikapita, na mpaka leo ningekuwa nawaambia watoto wa watu wahamishe namba.

Ninywe maji kidogo.

Wazazi na walezi, nina habari ya kitaalamu ambayo huenda mngependa kuisikia kabla ya kulipa karo ya mwisho na si baada yake. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akawa anajipima amebakiza kiasi gani, akachapisha matokeo mwaka 1885. Ndani ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Silabi zile hazikuwa na maana, na chenye maana hukaa zaidi, lakini nisiwadanganye: mengi niliyowafundisha watoto hawa yatawatoka. Ile kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili, tuliyoipigia hadi makofi ili ikae, nina wasiwasi kuna waliokwisha kuiacha kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Ila Ebbinghaus alikuta na jambo la pili, ambalo wengi hulisahau (ndiyo, najua). Alipojifunza upya orodha aliyodhani imemtoka, ilimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo siku mtoto wenu, au mpwa, au mtoto wa jirani atakapowaletea daftari, msikimbilie kusema hisabati iliwashinda. Kaeni naye mezani. Fungueni ukurasa wa kwanza. Mtashangaa vitu vinavyorudi.

Wazazi, asanteni kwa kuniletea watoto wanaouliza. Najua nyumbani jambo hilo linachosha. Walimu wenzangu, tutaongea kule chumbani kwetu. Ninyi nawaona kila siku, mnatosha.

Wahitimu, nimewaogopea jambo moja. Mnakokwenda, iwe chuoni, kazini au kwenye shughuli zenu wenyewe, mtaingia vyumba ambamo kila mtu anatikisa kichwa. Hapa shuleni "sijaelewa" ilikuwa inawagharimu kicheko cha sekunde mbili. Huko mbele itaonekana ghali zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye kikao cha watu wazima, wasomi watupu, tukasomewa waraka wa kurasa tisa. Mwisho wa kusoma akauliza mwenyekiti, kuna swali? Tukaangaliana. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Ukapita bila swali. Tukautekeleza mwaka mzima, kila mmoja kwa namna yake, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyejua ulikuwa unataka nini. Nilitoka kwenye kikao kile nikaja moja kwa moja kipindini kwenu, na cha kwanza mlichonipokea nacho ni, "Mwalimu, la jana hatujaelewa." Niliwapenda sana siku ile, sijui kama mliona.

Sitawapa ushauri wa maisha. Kuna watu watatu nyuma yangu kwenye ratiba wamejiandaa kwa hilo.

Badala yake nimewaletea kitu. Hili daftari, lenye jalada la kijani lililochanika, wengi mmeliona mezani kwangu mkadhani ni la adhabu. Tangu siku ile ya hasi mara hasi nimekuwa naandika humu kila swali lenu ambalo sikuweza kulijibu papo hapo, kila moja kwenye ukurasa wake, na tarehe. Yapo 63. Mengi nilikuja kuyapatia majibu. Mengine mlijibu ninyi kabla yangu, na nimeandika hivyo. Mengine yaliulizwa kwa utundu tu, kama lile la "Mwalimu, hivi huyu x alimkosea nani mpaka atafutwe kila siku?" Nililichukua kwa uzito. Desturi ya kutumia herufi za mwisho za alfabeti kwa visivyojulikana tunaipata kwa René Descartes, katika kitabu chake cha jometri cha mwaka 1637. Jibu la sehemu ya pili, alimkosea nani, bado natafuta.

Usiku wa jana nimezikata kurasa hizo moja moja. Zimepangwa kwenye meza pale mlangoni, kwa tarehe. Mkitoka, kila mmoja atafute swali lake alichukue. Nyuma ya karatasi nimeandika kile swali hilo lilichobadilisha katika ufundishaji wangu. Kwa baadhi nimeandika mstari mmoja, kwa wengine karatasi imejaa. Usipolikuta lako haina maana hukuuliza. Inawezekana siku hiyo nililijibu haraka, na huenda nililijibu vibaya. Njoo tuliangalie.

Ukurasa wa 58 peke yake hamtaukuta. Huo nimebaki nao. Uliulizwa dakika mbili kabla ya kengele, kama kawaida yenu. Namba yoyote isiyo sifuri, kwa kipeo cha sifuri, ni 1. Sifuri kwa kipeo chochote kilicho chanya ni sifuri. Basi sifuri kwa kipeo cha sifuri ni ngapi? Nilirudi baada ya siku mbili nikiwa nimejiandaa. Nikawaeleza kwamba Augustin-Louis Cauchy, mwaka 1821, aliliweka miongoni mwa yale yasiyo na thamani moja maalumu. Nikawaeleza kwamba wanaohesabu njia za kupanga vitu huandika 1 bila kusita, na kazi zao zinakwenda vizuri kabisa. Nikajaza ubao mzima. Nikafuta, nikajaza tena. Mwishoni nikageuka kwa aliyeuliza. Alikuwa ameegemea mkono shavuni. Nikasubiri sekunde zangu tatu, zikawa nane.

"Mwalimu," akasema, "bado sijaelewa."

Nikamwambia hata mimi. Kengele ikalia.

Kwa hiyo huo naendelea nao. Nikifika mahali nitakutafuta. Na wewe ukinitangulia, ofisi yangu haijahama: chumba cha mwisho, karibu na ngazi.